Lancia Aurelia B20 GT: Ufundi Uliojificha Chini ya Bodi

Katika minada mikubwa ya magari ya zamani huko Ulaya, Lancia Aurelia B20 GT si gari la kupigiwa vigelegele. Ferrari za miaka ileile huingia ukumbini na wekundu wao, watu wakazizunguka kwa simu na kamera. Aurelia huwa imesimama pembeni kidogo, mara nyingi ya kijivu, buluu iliyokoza au maruni, paa lake likiteremka kwa mstari mmoja kutoka juu ya kioo cha mbele hadi mkiani. Dalali anasoma mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi na orodha ya wamiliki waliotangulia, kisha bei inaanza kupanda. Katika dakika hizo chache wengi hutazama rangi, kitambaa cha viti na mng'aro wa bampa. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mambo madogo kabisa katika gari hili. Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mambo ni kinyume, kwa kuwa bodi nzuri imefunika kazi nzuri zaidi.

Hapa Afrika Mashariki jina la Lancia linakumbukwa na waliofuatilia Safari Rally, kwa sababu Miki Biasion alishinda Kenya mwaka 1988 na tena 1989 akiendesha Lancia Delta. Delta ilikuwa gari la zama nyingine, wakati kampuni ilikuwa imeshakuwa mali ya Fiat. Ninayoizungumzia hapa ni Lancia ya awali, ile iliyoendeshwa na familia, iliyoamini kwamba kila kiungo cha gari kinastahili kufikiriwa upya hata kama hakuna mteja aliyeomba hivyo.

Imani hiyo ilianza na Vincenzo Lancia mwenyewe. Alikuwa dereva wa mashindano wa Fiat kabla ya kuanzisha kampuni yake mjini Torino mwaka 1906 akiwa na mwenzake Claudio Fogolin. Mwaka 1922 alitoa Lambda, gari ambalo bodi yake yenyewe ilibeba uzito wote badala ya kuwekwa juu ya fremu ya chuma, na ambalo kila gurudumu la mbele lilipanda na kushuka kivyake. Wakati huo magari mengi duniani bado yalikuwa mkokoteni wenye injini. Mwaka 1937 likaja Aprilia, dogo, jepesi, lililopita katika upepo bila taabu, na mwaka huohuo Vincenzo akafariki. Kampuni ilibaki mikononi mwa mjane wake Adele na baadaye mwana wao Gianni, na ofisi ya usanifu ikampata Vittorio Jano, bingwa aliyetoka Alfa Romeo, ambako alikuwa amechora magari ya mashindano yaliyotikisa Ulaya nzima.

Jano ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi ya Aurelia, na jina lake ndilo katalogi za mnada hulitaja kwanza. Lakini moyo wa gari, yaani injini, ulitoka kwa mhandisi kijana zaidi ambaye watu wachache wanamjua: Francesco De Virgilio, mzaliwa wa Reggio Calabria, kusini kabisa mwa Italia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Torino kikiwa shabaha ya mabomu na ofisi ya usanifu ikiwa imehamishiwa Padova, De Virgilio alikaa na karatasi na penseli akilichambua swali moja: injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V ingetulia vipi?

Swali hilo linaonekana dogo leo, kwa sababu injini za V6 zimejaa barabarani, hata kwenye magari makubwa ya Kijapani tunayopanda kila siku. Wakati ule hazikuwepo katika gari lolote lililotengenezwa kwa wingi, na sababu ilikuwa mtetemo. Silinda sita zikipangwa kwenye mstari mmoja, pistoni zinazopanda na zinazoshuka hulipana, na injini hutulia yenyewe. Ndiyo maana ilipendwa na watengenezaji wa magari ya fahari. Ubaya wake ni urefu. Ukizikata katika makundi mawili ya silinda tatu tatu, unapata injini fupi inayoingia vizuri chini ya boneti, lakini kila kundi la tatu lina tabia ya kuyumba, ncha ya mbele ikiinuka wakati ya nyuma inashuka. Pembe kati ya makundi hayo mawili ikikosewa, miyumbo inajumlishana, na juu ya hapo milipuko ya mafuta ndani ya silinda haifuatani kwa nafasi sawa. Dereva huisikia kasoro hiyo kwenye usukani, kwenye kiti, hata kwenye meno.

De Virgilio alipitia hesabu za pembe moja baada ya nyingine. Majaribio ya mwanzo yalitumia pembe nyembamba, kwa kuwa Lancia ilikuwa na mazoea ya injini za V zilizobanana sana, na injini za namna hiyo zilipachikwa ndani ya Aprilia ili zijaribiwe barabarani. Hatimaye akatua kwenye nyuzi 60, krenki ikiwa na sehemu sita tofauti za kushika konrodi, moja kwa kila pistoni. Kwa mpangilio huo mlipuko hutokea kila krenki inapozunguka nyuzi 120, bila kuruka wala kuchelewa, na mtetemo unaobaki ni mdogo kiasi cha kutomsumbua mtu. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa ya vita na ya ufukara uliofuata. Aurelia ya kwanza, gari la familia la milango minne lililoitwa B10, ilipoonyeshwa Torino mwaka 1950, ilikuwa na V6 ya kwanza duniani kuzalishwa kiwandani kwa ajili ya kuuzwa kwa umma.

Naomba msomaji akae kidogo kwenye jambo hilo. Hakuna mteja aliyeingia dukani mwaka 1945 akidai V6. Italia ilikuwa imebomoka, barabara na madaraja yamevunjika, chuma cha shida, na kampuni yenye busara ya kibiashara ingerudia kuuza Aprilia mpaka soko lichoke. Lancia ilimwacha mtu mmoja aendelee kuhesabu mpaka hesabu ikubali. Subira ya namna hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko mshindo wowote wa eksozi.

Injini yenyewe ilitengenezwa kwa uangalifu uleule. Bloku yake ni ya alumini, na ndani mna silinda za chuma cha kuyeyushwa zilizopachikwa moja moja na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Vichwa navyo ni vya alumini. Kemshafti ni moja tu, imelala katikati ya V na kuzisukuma valvu kwa vijiti, na chumba cha kuchomea mafuta kina umbo la nusu tufe ili hewa iingie na kutoka bila kukwaruzana na kona. Ilianza na sentimita za ujazo 1,754 na nguvu za farasi 56. Kwa viwango vya leo hizo ni nguvu za gari dogo la sokoni, ila ziliendesha gari jepesi na kutii mguu wa dereva bila kelele.

Mwaka uliofuata, Aprili 1951, ikaja B20. Urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulipunguzwa hadi milimita 2,660, injini ikaongezwa kufikia sentimita za ujazo 1,991 na nguvu za farasi 75, na badala ya bodi ya milango minne ikavikwa bodi ya milango miwili yenye mgongo wa mteremko. Karibu na jina lake ziliwekwa herufi mbili, GT, yaani Gran Turismo. Alfa Romeo ilikuwa imeshalitumia jina hilo kabla ya vita. Aurelia ndiyo iliyolipa sura tunayoitambua hadi sasa: gari lililofunikwa, la watu wawili na mizigo yao, linaloweza kutoka Torino alfajiri na kufika Roma mchana bila kuwachosha waliomo, na ambalo Jumapili linaweza kushindana bila kubadilishwa sana.

Sasa tuingie chini ya sakafu, mahali ambapo gari hili linanivutia zaidi. Katika magari mengi ya zama hizo, injini, klachi na giaboksi viliungana mbele, propela ikapeleka mzunguko nyuma kwenye difu. Uzito ukalemea mbele. Jano na wenzake waliitoa klachi na giaboksi mbele wakazipeleka nyuma, wakaziunganisha na difu kuwa kitu kimoja. Breki za nyuma nazo hawakuziweka ndani ya magurudumu. Waliziweka katikati, ubavuni mwa difu. Matokeo yake uzito wa gari ukagawanyika karibu sawasawa kati ya mbele na nyuma, na magurudumu ya nyuma yakabaki mepesi.

Wepesi huo una maana kubwa kwa anayejua barabara mbovu. Gurudumu lililobeba ngoma nzito ya breki likipiga tuta hurushwa juu na kuchelewa kurudi, na muda wote ambao tairi haigusi barabara dereva hana breki wala mwelekeo. Gurudumu jepesi hurudi haraka. Barabara za Italia za mwaka 1951, hasa zile za milimani Apennini na Sisilia, zilikuwa na mashimo, kokoto na kona zisizoisha. Aurelia ilichorwa kwa ajili ya barabara hizo. Ilikuwa pia miongoni mwa magari ya mwanzo kabisa kutoka kiwandani na tairi za radial za Michelin X, ambazo zilishika barabara kuliko tairi zilizozoeleka.

Mpango huu ulidai gharama yake ya ufundi. Kwa kuwa klachi iko nyuma, propela huzunguka kwa kasi ya injini wakati wote, hata gari likiwa limesimama taa nyekundu. Ikipinda unywele mmoja tu, au viungo vyake vya mpira vikichakaa, sakafu nzima hutetemeka na kazi yote ya De Virgilio ya kutuliza injini inapotea. Kwa hiyo shafti ilibidi isawazishwe kwa makini, na viungo vichaguliwe kwa makini, na fundi wa leo anayeifungua asipoweka kila kipande kilipokuwa atajuta.

Mbele, Lancia iliendelea na mfumo wake wa tangu Lambda. Kila gurudumu limeshikwa na nguzo ya wima, na ekseli fupi ya gurudumu huteleza juu na chini kwenye nguzo hiyo ndani ya mafuta, springi na shokapu vikiwa humohumo. Ni mfumo mzito kutengeneza, kwa sababu nguzo na bushi yake vinapaswa kulingana kwa usahihi mkubwa. Ukiwa na mafuta yake na haujachakaa, gurudumu husimama wima kwenye kona na usukani unaeleza kila kinachotokea chini. Ukikaushwa, gari huwa gumu kama toroli. Kampuni nyingine zilikuwa zimekwisha kuhamia mikono miwili ya kuning'inizia gurudumu, ambayo ni rahisi na inafanya kazi vizuri. Hapa nadhani Lancia ilishikilia uzuri wa mfumo wake kuliko ilivyohitajika, na bado siwezi kuilaumu nikiona jinsi kazi ilivyofanywa.

Bodi ina historia ya mikono mingi. Mchoro wa awali unahusishwa na Mario Felice Boano wa Ghia. Magari machache ya kwanza yalijengwa na Viotti, kisha kazi ikahamia kwa Pinin Farina, aliyelisafisha umbo na kulisimamia mpaka mwisho. Ukilitazama gari kwa ubavu utaona hakuna mstari uliowekwa ili kuonekana. Boneti inapanda kidogo, kioo cha mbele kinalala kwa kiasi, na kuanzia hapo paa linashuka bila kukatika mpaka kwenye bampa ya nyuma. Magurudumu yamejaa vizuri ndani ya mabega ya bodi. Kwenye pua kuna grili ya umbo la ngao, alama ya ukoo wa Lancia, na hapo mapambo karibu yanaisha.

Urahisi huo wa macho ulijengwa kwa kazi ngumu ya mkono. Bamba za chuma zilichomelewa na sakafu kuwa kitu kimoja, na mahali zilipokutana mishono ilizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa kisha ikapigwa tupa mpaka kidole kisihisi kitu, kama ilivyokuwa desturi ya karakana za Torino. Mafundi wa kunyoosha bodi, ambao Waitalia huwaita battilastra, walifanya kazi kwa nyundo, kwa kipande cha chuma cha kuegemeza na kwa kiganja kilichozoea kusoma mabonde ya chuma. Ndiyo maana milango miwili ya Aurelia mbili za mwaka mmoja inaweza kukataa kubadilishana. Kila mlango ulikatwa na kulainishwa ukiwa kwenye gari lake. Mafundi wetu wa gereji wanaoweza kuuvuta ubavu wa gari uliobonyea ukarudi bila doa wangewaelewa wale watu mara moja, hata bila mkalimani.

Ndani mna nafasi na utulivu. Viti vilivikwa kitambaa kizito cha sufu, vipimo vichache vimewekwa mbele ya dereva, na gia hubadilishwa kwa mkono uliopachikwa kwenye nguzo ya usukani. Wenye haraka walinunua kwa Enrico Nardi vifaa vya kuihamishia gia sakafuni, na usukani wake wa mbao, na leo vitu hivyo huongeza bei mnadani. Magari ya mwanzo yana usukani wa kulia, ingawa Italia inaendesha upande wa kulia wa barabara. Lancia ilishikilia desturi hiyo ya kale kwa miaka mingi. Waliokuwa wakivuka milima ya Alpi walipenda kuuona ukingo wa barabara upande wao. Kwa hiyo B20 ya mwaka 1952 ingekaa vizuri kabisa katika barabara za Mombasa au Dar es Salaam.

Gari lililochorwa kwa ajili ya safari lilianza kushinda mashindano mapema mno. Mwezi Aprili 1951, wiki chache tu baada ya kuonyeshwa, Giovanni Bracco na Umberto Maglioli waliliingiza katika Mille Miglia, mbio za zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, kwenye barabara za kawaida. Walimaliza wa pili kati ya wote, dakika 20 hivi nyuma ya Luigi Villoresi, aliyekuwa na Ferrari ya lita 4.1. Injini yao ilikuwa ndogo kuliko nusu ya ile. Mwezi Juni Bracco na Giovanni Lurani wakaongoza daraja la lita mbili huko Le Mans. Mwaka 1952 Luigi Fagioli, mzee wa miaka 53, alimaliza wa tatu Mille Miglia, mbele ya Mercedes ya Rudolf Caracciola, na wiki chache baadaye kwenye Targa Florio ya Sisilia Felice Bonetto alishinda, Aurelia zikichukua nafasi zote tatu za kwanza. Mwaka 1954 Louis Chiron, mwenyeji wa Monaco, akashinda Monte Carlo Rally kwa gari hilohilo.

Ushindi huo wote naona umetoka sehemu moja. Baadhi ya magari yaliyoshindwa yalikuwa na nguvu zaidi. Aurelia haikuwachosha madereva wake, haikula tairi zake, na ilipita kona ya elfu moja kama ilivyopita ya kwanza.

B20 ilitengenezwa kwa mifululizo sita hadi mwaka 1958, jumla yake magari 3,871. Anayefuatilia minada lazima aijue mifululizo hiyo, kwa kuwa bei hufuata. Miwili ya kwanza ni ya lita mbili, myepesi na laini, karibu na wazo la mwanzo. Wa tatu, mwaka 1953, ulipata injini ya sentimita za ujazo 2,451 na nguvu za farasi 118, na mwendo ukafikia kilomita 185 kwa saa. Nguvu hiyo mpya iliufichua udhaifu wa nyuma: magurudumu yaliyoshikwa na mikono ya mshazari yalibadilisha pembe zake yalipopanda na kushuka, na dereva aliyeachia mafuta ghafla katikati ya kona angeweza kushtuka. Kwa mfululizo wa nne, mwaka 1954, Lancia ikaweka bomba la De Dion, linalounganisha magurudumu mawili ya nyuma ili yabaki wima sambamba, huku difu nzito ikibaki imefungwa kwenye bodi. Mwaka huo pia mteja aliweza kuagiza usukani wa kushoto. Miwili ya mwisho ilipunguzwa nguvu kidogo na kuongezewa starehe na uzito. Wa sita unatambulikana kwa vioo vidogo vya pembetatu kwenye milango. Wengi husema wa nne ndio bora, nami nakubaliana nao kuhusu kuendesha. Ila kama ni kumiliki kwa ajili ya kutafakari kazi ya wachoraji, ningechukua wa pili, wenye injini ndogo iliyotulia na uzito mdogo.

Uzuri huu haukuwalipa waliouzaa. Aurelia ilikuwa ghali kutengeneza kuliko magari mengi yaliyouzwa bei ileile, na nchini Uingereza, baada ya ushuru, iliuzwa juu ya Jaguar ya michezo iliyokuwa na nguvu zaidi yake. Wakati huohuo Gianni Lancia alikuwa akimwaga fedha kwenye timu ya Formula One na gari la D50, jingine la Jano. Mei 1955 Alberto Ascari, dereva wake mkuu, alikufa akijaribu Ferrari uwanjani Monza. Miezi miwili baadaye magari yote ya D50 yalikabidhiwa kwa Ferrari, na Juan Manuel Fangio akatwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1956. Familia ikauza kampuni kwa Carlo Pesenti, tajiri wa saruji, na mwaka 1969 Fiat ikaichukua. Wapo wanaosema hiyo ni hukumu ya haki ya soko kwa watu waliopenda kazi yao kupita mipaka. Mimi siwezi kulitazama jambo hilo kwa ubaridi huo. Nyumba iliyompa De Virgilio miaka ya kuhesabu pembe za injini ilistahili kuishi zaidi.

Leo B20 nzuri aghalabu hupita yuro laki moja mnadani, na ndugu yake wa wazi, B24 Spider America, lililotengenezwa magari 240 tu, limeshapita dola milioni moja zaidi ya mara moja. Fedha za namna hiyo huvuta wauzaji wa kila aina. Wengi wetu tumezoea mnada wa Kijapani, ambako karatasi moja ina alama ya gari, ramani ya mikwaruzo na kilomita zilizotembewa, na mtu akiwa Nairobi au Dodoma anaweza kununua bila kuligusa. Kwa Aurelia hakuna karatasi ya namna hiyo inayotosha. Katalogi itataja namba ya injini kama ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, itataja barua za kumbukumbu za Lancia, itaonyesha picha nzuri za ukarabati. Yote hayo ni muhimu. Hayasemi hali ya propela.

Kwa hiyo atakayebahatika kusimama mbele ya moja, siku za kutazama kabla ya mnada, aache rangi mwisho. Apitishe sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa chini ya milango na kwenye pembe za sakafu. Mahali isiposhika kuna puti nene, na chini ya puti kuna kutu inayokula chuma kinachobeba gari zima. Atazame kama mianya ya milango ina upana mmoja kutoka juu hadi chini. Aulize maji gani yamekuwa ndani ya injini, kwa sababu alumini iliyokaa na maji ya bomba miaka mingi hutafunwa kutoka ndani. Aombe gari liwashwe likiwa baridi kabisa na asikilize: V6 hii inapaswa kushika mwendo wa polepole bila kutikisa kioo. Aweke mkono sakafuni wakati injini inapandishwa kasi, hapo propela itajisema yenyewe. Alibonyeze bega la mbele kwa nguvu kisha aliachie. Likirudi kwa ulaini na kutulia, nguzo zina mafuta. Likikwama au kulia, hesabu ya matengenezo ianze kabla ya hesabu ya bei.

Mwisho aombe linyanyuliwe kwa jeki ili aione giaboksi na difu na ngoma mbili za breki zilizobebana nyuma, ile kazi aliyoisimamia Jano ambayo wanunuzi wengi huilipia bila kuiona. Mnadishaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, usipandishe bei.